Ufa wa chesisi hauzibwi kwa rangi

Msomaji wa Nakuru ameniandikia hivi: "Marehemu baba alituachia Triumph TR6 ya mwaka 1972. Imekaa nyumbani miaka tisa bila kutembea. Dada yangu anaolewa Desemba na ombi lake ni moja tu, apelekwe kanisani kwa gari la baba. Tumeiwasha na inaenda, lakini kila nikiachilia klachi nasikia 'ko!' nyuma ya kiti. Fundi wa mtaani aliingia chini akaona nyufa kwenye wedingi. Anasema atachomelea juu yake kwa saa moja na kupaka rangi nyeusi. Mama hataki kusikia, anasema tuiuze. Tufanye nini?"

Hongera kwa arusi, ndugu yangu. Jambo la kwanza: gari hilo lisitoke tena getini hadi limalize matengenezo. Mlio huo ndio unaofahamika sana kwa wenye magari ya aina hiyo, na si wa kupuuzwa.

Magari mengi ya leo bodi na sakafu ni kitu kimoja. TR6, iliyotengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1968 hadi 1976, bodi yake imekaa juu ya chesisi na kufungwa kwa bolti. Chesisi yenyewe ni mabamba ya chuma yaliyokunjwa na kuchomelewa yakawa kama masanduku marefu yenye uwazi ndani. Difu imening'inizwa kwenye chesisi hiyo kwa pini nne. Kila ukiachilia klachi, nguvu ya injini hutaka kuipindua difu, na pini huvutwa. Ni kama kukunja waya huku na huku: siku ya kwanza haukatiki, lakini mwisho hukatika. Pini inayoshindwa zaidi ni ya mbele, upande wa kulia.

Difu si pahali pekee pa kuangalia. Nyuma, mikono inayoshika magurudumu hufungwa kwenye sehemu ya chesisi inayoliwa na kutu kutoka ndani, kwa sababu maji na matope hukaa humo. Mbele, kagua vishikio vya mikono ya chini. Kishikio kimoja kikiachia, gurudumu hugeuka linakotaka lenyewe, si unakotaka wewe. Kwa hiyo mama hana woga wa bure.

Ukaguzi uanze hivi. Gari liinuliwe na kuwekwa kwenye stendi imara, kamwe si kwenye jeki peke yake. Osha grisi na matope yote, kisha sugua kila mshono kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane. Mstari mwembamba wa kutu kando ya mshono mara nyingi ni ufa. Gonga kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa mlio mzito uliokufa. Pahali pa wasiwasi, choma kwa bisibisi. Ikizama, hapo hapana chuma cha kuchomelea.

Kwa nyufa zisizoonekana kwa macho, kuna dawa nyekundu ya kupuliza. Hupakwa, huachwa dakika kumi au zaidi, hufutwa vizuri, kisha hupulizwa unga mweupe. Penye ufa, wekundu hutokeza kama uzi. Mafundi wa zamani walitumia mafuta ya taa na chaki kwa njia hiyo hiyo: paka mafuta, futa yakauke juu, paka chaki, kisha ngoja uone panapoloa.

Sasa matengenezo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini kwenye chesisi kuziba juu juu ni sawa na kutoziba. Ukiweka wedingi juu ya ufa, ufa wenyewe umebaki chini yake na utaendelea na safari. Fundi anayejua kazi atatoa difu kwanza. Atatafuta mwisho wa ufa na kutoboa tundu dogo hapo ili usisonge mbele. Atauchimba kwa grenda uwe kama herufi V, ndipo achomelee hadi chini. Kisha ataongeza bamba la kuimarisha, lenye unene unaokaribiana na wa chesisi na pembe zilizoviringwa, kwa sababu pembe kali huzaa ufa mwingine. Chuma kilichooza hukatwa chote na kuwekwa kipya.

Kabla na baada ya kazi, apime mishazari ya chesisi kutoka kona hadi kona. Joto la wedingi huvuta chuma, na chesisi iliyopinda haiendi moja kwa moja. Bushi za mpira za difu ziwekwe mpya, na ndani ya chesisi ipulizwe dawa ya kuzuia kutu.

Hapa naomba usome mara mbili. Tangi la petroli la TR6 liko nyuma ya viti, karibu juu ya difu hiyo hiyo inayotaka kuchomelewa. Litolewe lote na kuwekwa mbali, pamoja na mipira na mabomba ya mafuta yaliyo karibu. Usidanganyike kwamba tangi tupu ni salama, kwani mvuke uliobaki ndani ndio unaolipuka. Betri ifunguliwe, kizima-moto kiwe karibu, na watoto wasikaribie.

Unaona basi kwamba hii si kazi ya saa moja. Muulize fundi maswali matatu: Utatoa tangi? Utachimba ufa kabla ya kuchomelea? Utapima chesisi? Akicheka, tafuta mwingine. Na asipake rangi kabla hujaona mishono kwa macho yako.

Kuhusu kuuza, hilo ni la familia kuamua pamoja. Mkiuza, mwonyesheni mnunuzi nyufa hizo, maana naye ana watoto. Mkiitunza, mkalisheni mama chini, mwelezeni kilichoharibika na kinachofanywa, na mumwonyeshe chuma kabla na baada. Huenda anachokataa si gari bali kupoteza mtu mwingine.

Na Desemba ikifika kazi haijaisha, msimharakishe fundi. Bibi arusi aende kanisani na gari jingine, na TR6 isukumwe hadi kivulini apige picha kando yake. Baba yenu angependa binti yake afike.

Wiki ijayo: tairi lenye kashata nzuri lakini lililozeeka, utalijuaje?