Walavyote na Mtandao wa Chakula Mkoani Mara

Sato anayetumbuliwa Mwigobero, mjini Musoma, hana mwani peke yake tumboni. Ndani ya ule ute wa kijani mna magamba ya uduvi, mabuu ya wadudu wa ziwani, pengine hata mifupa ya dagaa. Samaki huyu aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na huko alikotoka chakula chake kikuu kilikuwa mwani. Sangara naye alipandikizwa karibu wakati huohuo, na ilipofika miaka ya 1980 furu, samaki wadogo wenyeji aliowala, walikuwa wamepungua vibaya, aina nyingi zikatoweka kabisa. Furu ndio waliokuwa wakila mabuu, uduvi na konokono. Walipoondoka, chakula hicho kilipata mlaji mwingine: sato. Ngege, mwenyeji wa ziwa aliyeng'ang'ania mwani, leo ni adimu.

Hapo ule mchoro wa mnyororo wa chakula, wenye mmea chini, mla mmea katikati na mla nyama juu, hautoshi tena. Mlavyote, yaani mnyama alaye mimea na wanyama pia, hukaa ngazi mbili au tatu kwa wakati mmoja, na ndiye anayeifunga minyororo pamoja ikawa mtandao. Wanaikolojia walichelewa kumthamini. Mwaka 1978 Stuart Pimm na John Lawton walionyesha kwa hesabu kwamba mifumo yenye walavyote huyumba upesi. Mwaka 1997 Kevin McCann na Alan Hastings wakajibu kwamba ulaji huo, ukiwa wa kiasi, huutuliza mfumo. Neno la kushika hapo ni kiasi. Windo moja likipungua, mlavyote huhamia chakula kingine, na lile lililopungua hupata nafasi ya kuzaana. Lakini hali inaweza kwenda kinyume: kwa kuwa hafi njaa windo likiadimika, anaweza kuendelea kulidonoa mpaka liishe.

Bunda, upande wa lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti, sura hizo mbili zinaonekana kwa nyani. Hula majani, mizizi, maganda ya migunga, panzi, mayai ya ndege, na akibahatika, mtoto wa swala. Mbegu za matunda aliyokula huzidondosha pamoja na kinyesi mbali na mti mama, na nyingine huota. Fungo hufanya kazi hiyohiyo usiku, na kinyesi chake huwa na kokwa zilizochanganyika na vipande vya jongoo. Ila nyani aliyeshiba mahindi ya shambani hategemei tena msimu wa porini. Kundi lake huweza kukua kupita uwezo wa pori, na mayai na watoto wa swala wakaendelea kuliwa kama kawaida. Kwa hiyo kulinda shamba ni suala la hifadhi pia, jambo ambalo mipango ya uhifadhi ingefaa ilitilie uzito zaidi.

Butiama walavyote wako uani. Kuku huokota mchwa, majani na pumba, kisha huongezewa dagaa waliosagwa. Mwenye kuku naye hula ugali wa muhogo kwa dagaa. Wote wawili wanaligusa ziwa wasiloliona kutoka hapo walipo, na dagaa wakipungua, mzigo hurudi shambani: muhogo zaidi, mahindi zaidi, na mashamba yanayosogea karibu zaidi na nyani.