Mikono ya Fundi wa Kuchomelea Nayo Ihesabiwe

Askari akikabidhiwa bunduki, namba yake huandikwa kitabuni, na siku akiipoteza atasimamishwa kujibu mashtaka. Mikono ya fundi anayeziba tangi la mafuta la gari la doria haimo katika kitabu chochote, wala haijasikika kwamba afande fulani ameitwa aeleze kwa nini vidole vya fundi wake vimekakamaa kwa makovu. Makala haya yanakusudia kusema wazi kwamba jambo hili si dogo, na kwamba lawama zake hazistahili kumwangukia fundi peke yake kama ilivyozoeleka.

Hapana budi kwanza kutenganisha kazi mbili ambazo watu wengi huziona kuwa moja. Kuna ile ya kuchomelea kwa vijiti, inayofanywa kila siku katika vibanda vya Katwe mjini Kampala: mageti, matrela na vitanda vya chuma. Cheche zake huruka kwa wingi, lakini mkono hukaa mbali kidogo na moto, na glavu nene ya ngozi ya ng'ombe hutosha. Kuna na ile ya ustadi, inayotumia gesi ya agoni, ambayo kwayo huungwa alumini, mabomba membamba na bati la chuma kisichoshika kutu. Hapo fundi hushika tochi kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili husukuma waya mwembamba kidogo kidogo ndani ya kidimbwi cha madini yaliyoyeyuka. Ncha ya tochi ni sindano ya tangsteni, madini yasiyoyeyuka mpaka yafikie nyuzi 3,422 za Selsiasi. Ndiyo sababu sindano hiyo husimama imara ndani ya mwali wa umeme, wakati chuma chini yake, kinachoyeyuka kwenye nyuzi 1,500 hivi, kinalainika kama samli. Vidole vya fundi viko sentimeta chache tu kutoka hapo.

Sasa mpe mtu huyu glavu nene ya ngozi ya ng'ombe. Hawezi kuusukuma waya kwa kidole gumba wala kuusikia unavyosogea. Atafanya nini? Ataivua. Kisha akiungua, ripoti itaandikwa kwamba aliungua kwa uzembe, maana glavu alipewa na hakuvaa. Kwa maoni yetu, aliyeagiza glavu bila kuuliza ni za kazi gani ndiye aliyemvua fundi glavu. Hata kanuni za Ulaya, zile ziitwazo EN 12477, zimeligawa jambo hili tangu mwaka 2001: glavu za aina A ni za kinga kubwa na wepesi mdogo, na za aina B ni za wepesi mkubwa kwa kazi hii ya agoni. Anayenunua aina moja kwa kazi zote amenunua nusu ya kinga.

Aidha, lazima ieleweke kwamba joto humfikia fundi kwa njia zaidi ya moja. Mng'ao wa mwali wenyewe huchoma mgongo wa mkono, na hata ngozi iliyo wazi huungua kwa mionzi yake kama iliyoanikwa juani kutwa nzima. Tochi nayo hupata moto. Ikitumika kwa muda mrefu kwa umeme unaozidi ampia 200, inafaa iwe ya kupozwa kwa maji, si kwa hewa. Lakini adui mkubwa ni kipande chenyewe kinachoungwa, hasa kikiwa cha alumini. Chuma kikishika moto mwingi huwa chekundu, kikakuonya. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 bila kubadilika rangi, na ikiwa katika nyuzi 300 hutaweza kuitofautisha kwa macho na ile iliyolala nje usiku kucha. Utafiti wa Moritz na Henriques, uliochapishwa Marekani mwaka 1947, ulionyesha kwamba ngozi iliyofikishwa nyuzi 44 huchukua saa sita hivi kuungua, bali ikifikishwa nyuzi 70 haimalizi hata sekunde moja. Hakuna mwenye wepesi wa kuondoa mkono katika muda huo.

Hapa tunakuja kwenye ugonjwa wa kwetu sisi wenye sare. Wako mafundi wanaosifiwa kambini kwa kushika chuma cha moto mikono mitupu, na vijana wapya huwatazama kwa mshangao na kuwaiga. Huo si ukakamavu. Kidole cha shahada kilichokufa ganzi hakiujui uzito wa kifyatulio cha bunduki, na fundi wa karakana ni askari kabla ya kuwa fundi.

Dawa yake haina gharama ya kutisha. Ngozi laini ya mbuzi, iliyotengenezwa vizuri, ndiyo inayofaa glavu za kazi hii, na mbuzi hatuagizi kutoka mwezini. Wanaoshona mikanda na mifuko ya bastola wanaweza kuzishona, mradi wasitumie uzi wa nailoni, ambao huyeyuka mshono ukafumuka. Juu ya kidole kinachoegemea kazi huvishwa mfuko mdogo uliofumwa kwa nyuzi za kioo, na mgongoni mwa mkono hufungwa kipande cha kitambaa chenye utando wa alumini ili kurudisha mng'ao. Glavu iwe kavu daima. Iliyolowa jasho hupitisha joto upesi, maji yake hugeuka mvuke ndani, na isitoshe hualika umeme. Zile glavu nyeupe za asbesto ambazo huenda bado zimo katika stoo za zamani zisiguswe wala kukung'utwa. Vumbi lake huleta saratani ya mapafu baada ya miaka mingi.

Fundi akiungua, avuliwe pete na saa mara moja, na mkono uwekwe chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, mafuta ya kupikia na barafu vibaki vilipo.

Maafande wenye dhamana ya stoo, mnapojaza hati ya mahitaji ya miezi ijayo, andikeni jozi mbili za glavu za ngozi ya mbuzi kwa kila fundi wa agoni: moja ya kuvaa, nyingine ikiwa inakauka.