Gari la Kwanza Baada ya Chuo: Lipigie Hesabu ya Mlima, Siyo ya Mjini

Vijana wenzangu, swali ninaloulizwa sana siku hizi na waliomaliza SUA, MATI Mlingano na vyuo vingine halihusu mbegu wala dawa ya ukungu. Ni hili: "Afisa, nina milioni kadhaa, ninunue gari gani?" Na mara nyingi anayeuliza jibu ameshakuja nalo: IST.

Maoni yangu ni haya, na najua baadhi yenu hamtayapenda. Kijana anayelima kibiashara hapa Lushoto, gari lake la kwanza liwe la kubeba mzigo. Kama hela haitoshi kupata la mzigo lililo zima, aendelee kukodi. Gari la kutembelea lisubiri.

IST siyo gari baya. Injini yake ni ndogo, mafuta inakunywa kidogo, spea zipo kila mahali. Ila ilitengenezwa kubeba watu na mabegi yao. Wewe una karoti, viazi na kabichi. Ukiinunua, utaendelea kukodi gari la mzigo, na yako nayo utaitia mafuta. Hapo unalipa mara mbili.

Kwa bajeti ndogo mimi naona mawili. La kwanza ni kirikuu. Kule Japani zilikotoka, hizi za injini ya 660 zimepangiwa kilo 350 tu, yaani gunia tatu na nusu za kilo mia. Anayepakia lumbesa nane asishangae springi zikilala. La pili ni Probox ya mizigo. Ukilaza viti vya nyuma mkabaki wawili mbele, inabeba kilo 400, na injini ya 1,500 ni ile ile iliyoko kwenye IST, kwa hiyo spea hazisumbui. Anayebeba matenga ya nyanya na hoho achukue Probox, mzigo haulowi. Anayebeba samadi, mbolea na viazi achukue kirikuu. Anayejaza Fuso nzima ya kabichi kwenda Dar, gari la bajeti halimfai. Ashirikiane na majirani wakodi.

Kabla ya kutoa hela, chukua daftari uandike safari zako za mwaka mzima. Tuseme unavuna mara tatu, kila mavuno safari kumi, kila safari unakodi kwa shilingi 50,000. Hiyo ni milioni moja na nusu. Sasa andika upande wa pili: mafuta, bima, tairi, oili na fundi. Upande wa pili ukizidi, kukodi ndiyo akili, hata kama una hela ya kununua.

Na usimalize hela yote kwenye gari. Mimi nasema theluthi moja ibaki. Gari la mtumba lina mambo yake mwezi wa kwanza, na shamba linadai mbegu na mbolea kwa wakati wake. Kama ulisoma kwa mkopo wa HESLB, deni nalo linakusubiri. Karoti hazitaki kujua kwamba una gari. Zikikosa mbolea zinabaki vidole.

Sasa tuje kwenye jambo linaloua. Lushoto mjini ipo kama mita 1,400 juu ya bahari. Ukienda Mombo unashuka karibu mita elfu moja ndani ya kilometa 33 hivi za kona. Gari lililojaribiwa Dar kwenye tambarare halijajaribiwa. Mwambie muuzaji mkutane Mombo. Pandeni hadi Soni mkiwa wanne na mzigo kidogo, jicho kwenye geji ya joto. Ikipanda, radieta au injini ina shida. Mkifika juu fungua boneti, angalia kama kuna maji au oili inayovuja. Halafu shukeni, kwa gia nzito. Kama ni otomatiki, toa kwenye D uweke 2 au L kulingana na mteremko. Pedali ikianza kuzama, ukanusa harufu ya kuungua, au gari likavuta upande mmoja, usianze kubishana bei. Breki zikipata moto mno, oili yake inachemka na pedali inakuwa haina kazi. Hendibreki ijaribu papo hapo kwenye mlima. Muuzaji akikataa safari hiyo, ameshakujibu.

Usiamini kilometa za kwenye dashibodi, zinarudishwa nyuma. Angalia pedali zilivyolika, usukani na kiti cha dereva. Nenda na fundi wako unayemlipa wewe, siyo fundi wa dalali.

Karatasi nazo zina mlima wake. Namba ya chesisi na ya injini zilingane na kadi. Jina kwenye kadi liwe la anayekuuzia, na kama siyo, umwone mwenyewe. Faini za trafiki ziangalie kwenye mfumo wa polisi kwa namba ya gari, maana zinalifuata gari. Mkataba uandikwe kwa wakili, kisha badilisha umiliki TRA mapema. Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa 2017, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba amekulipia "road licence" ya mwaka huu.

Unayefikiria kuagiza Japani, anza na kikokotoo cha TRA kwenye tovuti yao. Kodi inahesabiwa kwa thamani iliyo kwenye mfumo wao, siyo kwa bei chee uliyoiona mtandaoni, na gari kuukuu lina ushuru wa ziada wa uchakavu. Wengi hukwama bandarini kwa sababu hiyo: gari limefika, hela ya kulitoa haipo.

Najua maneno ya mtaani. Watasema msomi mzima kanunua kirikuu. Waache waseme, ndio hao hao watakaokupigia simu siku ya mavuno wakitaka uwabebee mzigo, na utawatoza. Msimu ukikubali, IST bado utazikuta zipo.