Punda Naye ni Mfugo



Ng'ombe wako akikataa majani asubuhi, kabla ya adhuhuri umekwisha kumwita Bwana Mifugo. Lakini punda akichechemea, wasema, "Atapona mwenyewe." Je, ni nani anayekuletea maji wakati wa kiangazi na kukufikishia mahindi sokoni Voi? Twasema, punda afe mzigo ufike. Haya, akifa leo, mzigo wa kesho utabebwa na mgongo wako na wa watoto wako.

Wengine hudhani punda haugui. Ni kweli, yeye ni mvumilivu kuliko farasi. Mwaka 1916, majeshi ya Uingereza yalipopita Taveta kuingia nchi iliyotawaliwa na Wajerumani, farasi na nyumbu wao wa mizigo walikufa kwa maelfu katika vita hivyo, wengi kwa nagana ya mbung'o na kwa maradhi ya farasi yanayoenezwa na usubi. Maradhi hayo ya usubi punda huyastahimili; lakini mbung'o wa vichaka vya Tsavo hamwachi.

Basi mtazame kila jioni. Akikonda ingawa anakula, akiwa na homa, akivimba chini ya tumbo au akipepesuka, yaweza kuwa nagana. Usinunue dawa dukani ukamdunga kwa kukisia. Dawa nyingine ya nagana inayomfaa ng'ombe yaweza kumwua punda ikizidi kipimo. Mwache Bwana Mifugo apime damu kwanza.

Na pepopunda? Jina lenyewe latuonya. Ugonjwa huu huingia kwa kidonda: ukwato uliochomwa na msumari, au mgongo uliochubuliwa na kamba. Ukishamshika, ni vigumu sana kumponya. Lakini chanjo ipo. Weka gunia nene chini ya mzigo, safisha kwato, osha kidonda kwa maji ya chumvi, na umpumzishe mpaka kidonda kifunge.

Utasema gharama ni kubwa na mvua imekosekana. Mwaka wa ukame ndio mwaka wa kumhitaji punda zaidi, maana maji yako mbali. Shaurianeni majirani, mkusanye punda wenu mahali pamoja, Bwana Mifugo awatazame wote kwa safari moja.

Wazee husema asante ya punda ni mateke. Tumwulize punda naye: asante ya mkulima ni nini?