Uzamifu wa Kiroho: Wito au Cheo?

Juzi kasisi mmoja, rafiki yangu wa miaka mingi, alinijia akitaka ushauri: je, ajisajili kwa shahada ya uzamifu katika maisha ya kiroho ya Kikristo? Mimi ni mwanaisimu, si mwanatheolojia; lakini njia ya uzamifu naijua, na miiba yake naijua.

Nilimwuliza ni suala gani linalomkosesha usingizi. Akanyamaza. Kisha akakiri kwamba angependa kuitwa Daktari kabla ya kustaafu. Hilo, wasomaji wapenzi, si suala la utafiti. Uzamifu hula miaka mitatu au zaidi, hula karo ya watoto, wala haumfundishi mtu kusali.

Hata hivyo, sikumkatisha tamaa. Uamsho uliochipuka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ulienea hadi Kenya kwa nyimbo na ushuhuda kuliko kwa vitabu. Waliolelewa ndani yake wanazidi kutuaga, nao walisali kwa lugha zao. Nani atayahifadhi na kuyachunguza maneno yao?

Kasisi akiona kiu ya kazi kama hiyo, na aende. Kama ni cheo tu, heri abaki na waumini wake, ambao hawajamwuliza shahada.