Pointi 15 na daftari tupu

"Msimu huu umecheza dakika ngapi?" nilimuuliza.

"Zote."

"Imeandikwa wapi?"

Akacheka. Halafu akaona mimi sicheki.

Tulikuwa ndani ya saiba moja Mlango Kubwa, mimi kwenye kibodi, yeye amesimama nyuma yangu na buti zake kwenye mfuko wa karatasi. Nilikuwa namwandikia CV. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu karo iliponilemea, na tangu hapo nakula kwa kuandika: makala kama hii zikipatikana, na zisipopatikana, CV za watu. Yeye ni winga wa kushoto. Jina lake sitalitaja, si langu kulitangaza. Ajenti mmoja wa Ulaya alikuwa ameona klipu yake ya simu, sekunde 40 za kupangua mabeki kwenye vumbi, akamwandikia. Alitaka vitu vinne tu: orodha ya mechi na dakika, video ya mechi 3 nzima, usajili wake tangu utotoni, na cheti cha kuzaliwa.

Cheti tulikuwa nacho. Misimu 4 ya mpira kwenye ligi za chini ilikuwa imepita bila kuacha alama yoyote ya wino. Tukatuma CV hivyo hivyo. Ajenti hakujibu tena.

Nimekuwa na hasira tangu siku ile, na imenichukua muda kujua niielekeze wapi.

Mahali rahisi ni London. Mtaani tuna hadithi tunayoipenda, hasa mechi ya City ikiisha na chai haijaisha. Januari 2010, Manchester City walimtaka McDonald Mariga, kijana wa Muthurwa aliyekuwa akicheza kiungo Parma, kwenye ligi kuu ya Italia. Walikubaliana naye. Kibali cha kazi kikakataliwa. Sheria ya wakati huo ilidai nchi yako iwe ndani ya 70 bora kwenye orodha ya FIFA, na wewe uwe umecheza asilimia 75 ya mechi zake rasmi kwa miaka 2. Kenya haikuwa karibu na 70. Raila Odinga, Waziri Mkuu wa wakati huo, akaingilia kati. Dili ikafa hata hivyo. Mariga akaenda zake Inter, na miezi michache baadaye alikuwa kwenye kikosi kilichobeba Ligi ya Mabingwa Ulaya.

Hadithi tamu. Mtu anafukuzwa kwenye nyumba ndogo, analala kwenye kasri. Tunaisimulia kama ushahidi kwamba Waingereza walituonea, na kweli walituonea. Mchezaji aliyefaa kwa bingwa wa Ulaya alionekana hafai kwa Manchester kwa sababu ya bendera iliyo kwenye pasipoti yake. Sheria ikiacha kutazama miguu ya mtu na kutazama jirani zake, hiyo si sheria ya mpira. Wao wanasema wanalinda nafasi za vijana wao. Sawa. Lakini wanazilinda kwa kumhukumu kijana wa watu kwa makosa ya timu nzima ya taifa.

Shida ni kwamba kila tukiisimulia tunaruka swali moja: ni nani aliyetuweka nje ya 70?

Leo hesabu imebadilika. Tangu Januari 2021, baada ya Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, chama cha soka cha huko kinahesabu pointi. Unahitaji 15. Zinatokana na mechi za timu ya taifa, dakika ulizocheza kwenye ligi, ubora wa ligi yenyewe na mashindano ya bara. Ukiwa unaichezea mara kwa mara nchi iliyo ndani ya 50 bora, unapita moja kwa moja bila hesabu. Ligi za dunia zimegawanywa makundi 6, na yetu iko la 6, pamoja na kila ligi ambayo haikutajwa kwingine. Mwaka 2023 wakafungua kadirisha: klabu za ligi mbili za juu zinaweza kuwa na hadi wachezaji 4 wasiotimiza pointi. Hata hiyo nafasi haipewi mtu asiye na rekodi. Kibali ni karatasi inayozaliwa na karatasi nyingine.

Sasa, ukitaka kumtisha mtoto wa Mathare, usimtishe kwa pointi. Chama cha MYSA, kilichoanzishwa hapa mwaka 1987, kiliwafundisha watoto hesabu ambayo sijui kama ipo kwingine duniani: timu ikishinda mechi inapata pointi 3, ikisafisha mtaa inapata 6. Unaweza kufungwa Jumamosi asubuhi na bado ukapanda kwenye jedwali kwa sababu mlizibua mitaro na kuzoa takataka. Kwenye mfumo huo ilizaliwa Mathare United mwaka 1994, mabingwa wa ligi kuu mwaka 2008. Dennis Oliech alipitia hapo kabla ya Qatar na Ufaransa.

Watu wakiusifu mfumo ule husifu mafagio na mareki. Mimi nasifu kalamu. Ule mpango ulifanya kazi kwa sababu kulikuwa na mtu anaandika. Timu gani ilikuja, ilisafisha wapi, ilimaliza au haikumaliza. Bila mwandishi, pointi 6 zingekuwa kelele za watoto tu.

Hicho ndicho tulichokosa huko juu, na huko juu ndiko hasira yangu imefika.

Novemba 2021, Waziri wa Michezo alivunja uongozi wa shirikisho la soka, FKF, kwa tuhuma za pesa. Februari 2022, FIFA ikaifungia Kenya kwa sababu serikali imeingilia. Tukafunguliwa Novemba 2022. Wakubwa wanasema ilikuwa vita dhidi ya ufisadi. Labda. Simtetei mtu wa upande wowote. Mimi nahesabu tu: mchezaji ambaye pointi zake zinatokana na Harambee Stars alikaa miezi 9 bila mechi, na timu ikaondolewa kwenye mbio za Kombe la Afrika la 2023. Wao walikuwa wanabishana maofisini na mahakamani. Yeye alikuwa anazeeka, na miguu ya winga ina miaka kama 12 hivi ya kuuza. Hakuna afisa hata mmoja aliyepoteza kibali cha kazi kwa ajili ya miezi ile.

Kabla ya hapo, mwaka 2017, SuperSport walikuwa wameachana na ligi yetu. Sisi tulilia kwa sababu ya pesa za udhamini. Tungelia zaidi kwa sababu ya kamera. Skauti wa leo hakai juu ya ukuta wa uwanja akitafuna muwa. Anafungua kompyuta. Klabu kama Brighton zimejenga jina kwa kutafuta kwa takwimu wachezaji ambao wengine wamewapita. Ligi isiyorekodiwa, kwake yeye, haijachezwa.

Na wakikupata, hawaogopi kibali. Mwaka 2021 Brighton walimsajili Mjapani Kaoru Mitoma. Kibali hakikuwepo, wakampeleka Union Saint-Gilloise ya Ubelgiji kwa mkopo msimu mmoja, akarudi. Mwaka 2022 wakamchukua Simon Adingra, kijana wa Ivory Coast aliyelelewa na akademia ya Right to Dream nchini Ghana na kukuzwa Nordsjælland ya Denmark. Naye akapitia Ubelgiji. Februari 2024, kwenye fainali ya Kombe la Afrika, ndiye aliyetoa pasi za mabao yote 2 yaliyoizamisha Nigeria. Ukuta ulikuwa ule ule uliomzuia Mariga. Klabu iliuzunguka kwa sababu ilijua inanunua nini: kulikuwa na miaka ya mechi zilizoandikwa, tangu akademia hadi Denmark.

Wetu pia wamepita kwa kuzunguka. Mariga alianzia Sweden. Ndugu yake Victor Wanyama akapitia Helsingborg, Ubelgiji na Celtic ndipo akafika Southampton mwaka 2013. Michael Olunga alitoka Gor Mahia kwenda Djurgården, na mwaka 2020 alikuwa mchezaji bora na mfungaji bora wa Japani, mabao 28. Na Agosti 2025, Kasarani, Ryan Ogam wa Tusker alifunga bao pekee tulipoifunga Morocco kwenye CHAN. Muda si mrefu akawa mchezaji wa Wolfsberger ya Austria. Nilitazama mechi hiyo kwenye kibanda Huruma, watu wamesimama hadi barabarani. Bao lilikuwa zuri, lakini mabao mazuri hufungwa hapa kila Jumapili. Tofauti ni kwamba lile lilionwa na bara zima na likaandikwa na jina, dakika na tarehe.

Kuna na pesa. FIFA ina kanuni kwamba mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei inagawiwa timu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Wanyama alinunuliwa na Southampton kwa pauni milioni 12.5. Piga hesabu: kila mwaka wa malezi kati ya miaka 12 na 15 ulikuwa na thamani ya pauni 31,250, kwa bei ya wakati huo karibu shilingi milioni 4. Mwaka mmoja wa mtoto mmoja! Hiyo ni jezi, mipira na chakula cha timu kadhaa za mtaa kwa miaka. Lakini FIFA haimlipi "kocha fulani alimjua akiwa mdogo". Inalipa timu iliyosajiliwa, kwa mchezaji aliyesajiliwa. Yule kocha wetu anayenunua maji na mkate kwa pesa za mjengo hana risiti ya kuonyesha kwamba alimlea mtu. Winga wangu akiuzwa kesho kwa mamilioni, kocha huyo atasoma habari kwenye simu kama wewe na mimi.

Najua nitajibiwa. Utasema: buda, unataka tuwarahisishie wazungu kutuchukulia vijana? Vijana wanaondoka tayari. Wasio na karatasi wanaondoka na matapeli, wale wa "lipa kwanza uende trial", na wengine wanarudi na deni la ukoo mzima. Karatasi haimpeleki mtu Ulaya kwa nguvu. Inampa tu nafasi ya kukataa dili mbaya.

Au utasema: sheria ni yao, mbona unatulaumu sisi? Kwa sababu ile yao siwezi kuigusa. Sipigi kura Uingereza. Tunaweza kuilaani hadi kesho, na tunapaswa kuilaani, lakini laana haina kundi la ligi wala haipandi kwenye orodha ya FIFA. Nusu ya ukuta ule imejengwa kwa matofali yetu, na hiyo nusu tunaweza kuibomoa wenyewe.

Na sasa hatuna kisingizio, kwa sababu mtu anayeujua ukuta huo kuliko sisi sote ana ufunguo wa ofisi. Desemba 2024 Mariga alichaguliwa naibu rais wa FKF. Ndugu Mariga, wewe hukuhitaji simu ya Waziri Mkuu. Ulihitaji shirikisho lililofanya kazi yake miaka 10 kabla ya wewe kwenda Manchester. Basi wafanyie hawa kile ambacho hukufanyiwa. Kila mtoto wa miaka 12 anayecheza ligi ya wadi asajiliwe, jina na timu, bila kuombwa kitu kidogo. Kila refa wa ligi za chini atume karatasi ya mechi kwa simu siku hiyo hiyo, na ihifadhiwe mahali ambapo mchezaji anaweza kuiona. Kila uwanja uwe na kamera moja juu ya mlingoti, hata ya bei rahisi. Na mkigombana huko ofisini, maana mtagombana, gombaneni bila kutufungia nchi. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji ruhusa ya London.

Winga wangu sai anaendesha boda kwenye Juja Road. Bado anacheza. Juzi alinibeba hadi Kariobangi, akakataa nauli, akaniuliza kama ajenti amewahi kujibu. Nikamwambia hapana. Akasema, "Sawa, Jumapili tuna mechi."

Nimenunua daftari la mistari, kurasa 96. Jumapili iliyopita nilikaa pembeni mwa uwanja na saa ya simu: majina 22, dakika za kuingia na kutoka, mabao, kadi, jina la refa na sahihi yake. Najua daftari langu halitambuliwi na FIFA. Lakini kocha wa timu pinzani alikuja baada ya mechi akaniomba nimpigie picha ukurasa wa timu yake, na nyuma yake wakapanga foleni vijana 5, kila mmoja anataka kuona jina lake limeandikwaje.

Jumapili hii tunaanza saa nane. Kama una simu yenye kamera nzuri na chaji ya dakika 90, njoo.