Barua ya wazi kwa mkuu wa ofisi inayopiga muhuri bila kuangalia moteri

Kabondo-Dianda, Haut-Lomami

Mheshimiwa Mkuu,

Jina la ofisi yako sitaliandika hapa, wala la gati. Unayajua yote mawili, na muhuri wenu umo kwenye karatasi iliyo mbele yangu ninapoandika. Karatasi hiyo inasema kwamba mtumbwi wa moteri tuliopanda kuteremka Lualaba ulikaguliwa ukaonekana unafaa kubeba watu. Haukukaguliwa. Nilikuwepo.

Mkaguzi wako alikaa kivulini, akauliza mwenye chombo yuko wapi, akapokea pesa, akagonga muhuri. Mtumbwi ulikuwa hatua chache tu kutoka kwenye kiti chake. Angesimama akainama mara moja kule nyuma, angeona kwamba esansi haikuwa ndani ya tangi la moteri, ilikuwa ndani ya bidoni la manjano la mafuta ya kupikia. Kifuniko kilikuwa kimetobolewa na mpira umepitishwa kwenye tundu. Mpira wenyewe ulikuwa wa kumwagilia bustani, umekakamaa na kufanya nyufa, maana mpira wa maji hauwezi esansi. Na pale unapoingia kwenye moteri, badala ya kiungio chake na pete ya chuma ya kuubana, ulikuwa umefungwa kwa utepe uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Utepe ulikuwa umelowa. Esansi ilikuwa inadondoka chini tangu tukiwa gatini.

Hii ni kazi yako, kwa hiyo unajua kwamba mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa. Haupandi ukachukuliwa na upepo. Hushuka chini ya mbao ukatuama humo. Unajua pia kwamba katika mitumbwi yetu mikubwa watu hupika, kwa sababu safari ni ndefu na watoto wanataka kula. Mbabula ilikuwa katikati, mama mmoja ameinjika maji ya bukari. Moto ulipita chini ya mbao ukafika kwenye bidoni kabla hatujawahi kusimama.

Mdogo wangu alikuwa amekaa karibu na moteri. Alilinyanyua lile bidoni likiwaka, kwa mikono yake miwili, akalitupa mtoni. Kwa sababu hiyo watu waliokuwemo wako hai, na kwa sababu hiyo mikono yake iko kama ilivyo leo.

Nataka uijue mikono hiyo, Mheshimiwa. Mdogo wangu alikuwa fundi wa nyavu. Wavuvi wa ziwa Upemba na wa Kisale walimletea nyavu zilizoraruliwa na viboko na visiki, naye alizishona hata usiku, bila taa, vidole vikitafuta matundu vyenyewe. Sasa vidole vya mkono wa kuume vimeshikana. Ngozi imevutika, havikunjuki. Hawezi kushika sindano ya nyavu. Hawezi kufunga kifungo cha shati. Hawezi kumega bukari. Mkewe humlisha, na watoto wake wanatazama.

Hasara nyingine nitazitaja tu. Chumvi, sabuni na vitenge nilivyokuwa navipeleka kubadilishana na samaki viliishia majini, na deni la mtaji bado liko palepale. Mama aliyekuwa akipika anatupiwa lawama na watu ambao hawakuwemo, na kosa si lake. Deni litalipwa na lawama zitasahaulika. Mikono haitarudi hivyo hivyo.

Nilipokuja ofisini kwenu kuuliza, nilijibiwa kwamba kibali cha chombo kilikuwa kamili, na kwa hiyo ofisi haina kosa. Jibu hilo limeniuma kuliko moto wenyewe. Ikiwa kibali kilikuwa kamili siku ile ile ambayo mpira wa esansi ulikuwa umefungwa kwa utepe wa tyubu, basi hicho kibali chenu hakihusiani na mpira, wala na moteri, wala na roho za watu. Tulilipia nini?

Usiniambie kwamba hakuna aliyeweza kujua. Tarehe 15 Aprili 2025 nchi nzima ililia kwa ajili ya HB Kongolo, chombo cha mbao chenye moteri kilichowaka moto kwenye mto Congo karibu na Mbandaka. Kamishna wa mto wa huko alisema moto ulianzia kwa mwanamke aliyekuwa akipika. Idadi ya waliokufa iliyotangazwa siku zile ilifika 148. Miezi sita kabla yake, tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilipinduka mbele ya gati la Kituku, Goma, watu wakiiona kutoka ufukweni. Kila mara tunahutubiwa juu ya jileti za kuokolea. Jileti ziwepo, ni haki yetu. Lakini jileti haizuii moto. Kinachozuia moto ni tangi linalostahili, mpira usiovuja na pete ya kuubana, vitu ambavyo bei yake haifikii hata sehemu ndogo ya samaki wanaobebwa katika safari moja.

Ukaguzi ninaouomba hauhitaji injinia kutoka Lubumbashi. Mkaguzi atazame tangi, kama ni la moteri na kama kifuniko chake kina tundu la hewa linalofungwa na kufunguliwa. Apitishe mkono kwenye mpira wote, kutoka tangini hadi kwenye moteri. Abonyeze ile pampu ndogo ya mkono mpaka iwe ngumu. Kama kuna mahali panapovuja, esansi itatokea mbele ya macho yake. Aangalie viungio na vile vipete vya mpira vya ndani, kama havijalika. Aangalie kichujio, kama hakina maji. Awashe moteri aone maji ya kupoza yanaruka kwa nguvu kwenye tundu lake. Yasiporuka, pampu ya maji imekufa na moteri itakwama katikati ya mto. Mwisho aulize mbabula itakaa wapi, na esansi itakaa wapi. Yote hayo yanakwisha kabla abiria hawajamaliza kupanga mizigo.

Najua wenye mitumbwi nao wana sehemu yao. Kipuri halisi ni ghali na huku kwetu ni adimu, kwa hiyo wanaunga na kufunga. Wanapima oili kwa kifuniko cha chupa, wakati moteri nyingi za kuchanganyiwa zinataka lita 1 ya oili kwa lita 50 za esansi. Oili ikipungua, moteri inaungua, ikizidi, bujii zinachafuka. Lakini wamejifunza kwenu. Wameona kwamba anayetunza moteri yake na asiyeitunza wanalipa sawa na kupewa muhuri uleule. Nani atatoa pesa kununua kiungio, ikiwa mkaguzi hana haja ya kukiona?

Tangu reli ilipofika Bukama mwaka 1918, maji ya Lualaba kutoka pale hadi Kongolo, kilomita zipatazo 640, yamekuwa njia yetu ya kula na kuuza. Juu ya njia hii Leta tunaiona mahali pa kutoza tu. Gatini tunalipa, kwenye kizuizi tunalipa, stesheni tunalipa, sokoni tunalipa, na kila mahali tunapewa karatasi inayosema kwamba mtu fulani ameangalia jambo fulani. Zahanati ya kwanza tuliyomfikisha mdogo wangu nayo ilikuwa na karatasi zake ukutani. Dawa ya kuungua haikuwa nayo, akapakwa asali. Sheria ya urambazaji wa mito na maziwa, ya tarehe 14 Machi 1966, haikuwekwa ili ofisi zipate karatasi za kuuza. Iliwekwa ili anayepanda chombo ashuke akiwa mzima.

Kwa hiyo nadai mambo manne. Kwanza, chombo chochote ambacho mkaguzi hajagusa mpira wake wa esansi kisipewe kibali, na jina la mkaguzi liandikwe kwenye karatasi kwa herufi zinazosomeka. Pili, pawe na marufuku ya kuweka mbabula karibu na esansi, na kila chombo kiwe na ndoo ya mchanga au kizimamoto. Tatu, sehemu ya pesa mnazotoza itumike kuleta mipira, pete na viungio halisi gatini, viuzwe kwa bei ambayo mwenye mtumbwi anaimudu. Nne, mje Kabondo-Dianda mmwone mdogo wangu. Madaktari wanaweza kuikata ngozi iliyovutika ili vidole vikunjuke tena, na gharama hiyo ni yenu, si yetu. Mlipokea pesa ili muangalie, na hamkuangalia.

Nangoja jibu la maandishi, si la mdomo. Nakala ya barua hii nimewapelekea wabunge wa mkoa, Kamina, wapate kuuliza pale ambapo mimi sifiki.

Na wewe unayesoma, kama unasafiri kwa maji, usiuamini muhuri. Kabla hujakaa, nenda nyuma ukaangalie mpira wa esansi. Ukiukuta umefungwa kwa utepe, shuka, na uwaambie wenzako washuke.

Mfanyabiashara wa samaki,
Kabondo-Dianda